Utamaduni wa Shule ya Msingi: Mafiga, Morogoro

Utamaduni wa shule ya msingi ni jumla ya mazoea, kanuni na uongozi wa wanafunzi unaomfanya mtoto aione shule kuwa yake. Katika Mafiga, kata ya mjini Morogoro chini ya Milima ya Uluguru, mazoea hayo ni yaleyale yanayofahamika Tanzania nzima.

Siku huanza kwa kuwahi namba, yaani hesabu ya wanaofika asubuhi. Mwenye ufagio wa chelewa hufagia uwanja, mwenye kidumu cha maji humwagilia miti, na kiranja wa usafi hupita akikagua. Kengele, ambayo katika shule nyingi ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, ikigongwa wote hukimbilia mstarini. Mwalimu wa zamu hutazama kucha, nywele na sare, wimbo wa taifa huimbwa, kisha madarasa huingia moja baada ya jingine.

Mengi ya hayo yalipata nguvu Machi 1967, Rais Julius Nyerere alipotoa sera ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe jamii inayofanya kazi, yenye shamba lake, na wanafunzi washiriki kuamua mambo yake. Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi, na mtoto wa Kiluguru akakaa dawati moja na wa Kipogoro au wa Kichaga bila mkalimani.

Ada ilipofutwa mwaka 2001, shule zilifurika. Wanafunzi wa msingi nchini walitoka takriban milioni 4.8 mwaka huo hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Darasa likijaa hivyo, mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja. Hapo ukiranja, zamu ya kufuta ubao na kwaya humpa hata mtoto wa dawati la nyuma jambo la kuulizwa.

Kiboko nacho kimo katika utamaduni huu. Kanuni za mwaka 2002 zinataka adhabu hiyo isizidi viboko vinne, itolewe kwa idhini ya mwalimu mkuu, na iandikwe kitabuni.

Kilele cha mwaka kwa wengi ni UMITASHUMTA, mashindano ya michezo na taaluma yanayopanda ngazi hadi taifa. Mchujo ukikaribia, uwanja wa shule hujaa jioni: wa riadha peku, wa netiboli wakigombea mpira mmoja.