Tulipokuwa Sisi Ndio Wakora wa Nairobi

Mara ya kwanza kwenda Nairobi peke yangu, mama alinishonea mfuko ndani ya suruali. Ilikuwa Januari 2003, nimemaliza kidato cha nne, na serikali ya Kibaki haijatimiza hata mwezi mmoja. Karo ya chuo iliingia kwenye ule mfuko, ukafungwa kwa pini. Kwenye steji ya Embu jirani yetu mmoja akaniongezea mawaidha: usimuulize mtu njia, usisimame kuangalia magorofa, mtu akikuita kwa lugha ya nyumbani usigeuke. Na ukipigwa ngeta, usishindane. Wape kila kitu.

Gari lilipita Mwea, likapita Makutano, na kila tulipozidi kuikaribia Thika abiria mmoja alikuwa na kisa chake cha kuibiwa. Tulipofika Tea Room pale Accra Road nilikuwa nimeshikilia suruali kama mtu mwenye maumivu ya tumbo. Hakuna aliyenigusa. Nadhani hakuna hata aliyeniona.

Mtu pekee aliyenicheka kabla sijaondoka alikuwa guka. "Mnaiogopa Nairobi?" akauliza. "Mimi nikiwa huko, Nairobi ndiyo ilikuwa inatuogopa sisi." Nilidhani ni maneno ya uzee tu. Ilinichukua miaka kumi na moja kumwelewa.

Pasaka ya 2014 ilituangukia tarehe 20 Aprili. Tulikuwa wengi nyumbani, hata mjomba alikuja kutoka Maua. Mjomba ni wa upande wa mama, Mmeru, na kazi yake ni miraa: inakatwa Igembe asubuhi, inafungwa kwa majani ya ndizi, na kabla ya jioni iko Eastleigh. Wateja wake karibu wote ni Wasomali. Tulikuwa tunakula huku runinga ikionyesha operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Mwisho wa Machi milipuko ilikuwa imeua watu Eastleigh, na wiki moja kabla yake waumini walikuwa wameuawa kwa risasi kanisani Likoni. Westgate, ambapo watu 67 waliuawa Septemba 2013, ilikuwa bado kidonda kibichi. Serikali ikamwaga polisi Eastleigh, wakaingia nyumba kwa nyumba usiku. Watu wapatao 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali, na uwanja wa Kasarani ukageuzwa kuwa mahali pa kuwachuja.

Mezani maneno yalikuwa yale yale ya kila nyumba. "Afadhali." "Wangefanya hivi mapema." "Wote warudishwe kwao." Mimi pia nilisema kitu cha aina hiyo, sitajifanya sikusema. Mjomba alinyamaza, na nilijua kwa nini: wateja wake walikuwa wamefungiwa, na mzigo wake wa wiki nzima ulikuwa umekauka.

Guka akaweka kijiko chini. "Wamewekwa wapi?"

"Kasarani, guka. Kwa uwanja."

"Wanawachaguaje?"

"Wanaangalia vitambulisho."

"Na asiye nacho?"

"Anabaki ndani."

Akatulia kidogo. "Sisi tulikuwa Langata," akasema, kisha akaendelea kula.

Guka alikuwa na umri wa miaka 25 mwaka 1954. Alikuwa akiosha vyombo jikoni kwa tajiri mmoja Ngara, na kulala Kariokor katika chumba cha watu sita. Jumamosi ya tarehe 24 Aprili, kabla jua halijatoka, jeshi la Mwingereza chini ya Jenerali George Erskine liliizunguka Nairobi. Operesheni hiyo waliiita Anvil. Maelfu ya wanajeshi na polisi walifunga barabara zote, wakaingia mitaa ya Waafrika mmoja baada ya mwingine, wakatoa watu nje na kuwatenga kwa kabila. Mjaluo, Mkamba, Mluhya akaambiwa kaa upande huu. Waliotakiwa walikuwa wa makabila matatu, ambayo kwenye faili za serikali yaliandikwa kwa herufi tatu tu: K.E.M. Yaani Kikuyu, Embu, Meru.

Walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia kutoka kichwani, yenye matundu mawili ya macho. Wazee huwaita gakunia. Gakunia akitikisa kichwa hivi, unaenda huku. Akitikisa vile, unaenda kule. Hakuna wakili, hakuna shtaka. Wanaume zaidi ya 20,000 walipelekwa vizuizini, wengine Manyani, wengine Mackinnon Road, wote kando ya ile reli ya kwenda Mombasa. Wanawake na watoto kwa maelfu walirudishwa mashambani. Baada ya hapo, Mwembu au Mmeru hakuweza kutembea bila kitabu cha pasi cha kabila lake. Guka alikaa Manyani miaka mitatu. Kama alikuwa amekula kiapo au la, hakuwahi kutuambia, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mara mbili.

Lazima niseme na upande wa pili, maana historia ya upande mmoja ni propaganda. Hofu ya Nairobi wakati ule haikuwa ya kubuni. Watu walikuwa wakiuawa mjini. Tom Mbotela, diwani Mwafrika na kiongozi wa KAU aliyepinga fujo, aliuawa Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya Gavana Baring kutangaza hali ya hatari. Mwaka uliofuata akauawa diwani mwingine, Ambrose Ofafa, mweka hazina wa Luo Union. Leo mitaa ya Mbotela na Ofafa iko palepale Eastlands, na wengi wanaopanga huko hawajui majina hayo ni ya nani. Kwa hivyo mkazi wa Nairobi aliyelala na hofu mwaka 1954 hakuwa mjinga. Hata mwaka 2014 hofu ilikuwa na sababu. Shida ilianza pale hofu ya kweli ilipotafutiwa kabila.

Sasa tuje kwa kura, kwa sababu hapo ndipo mambo haya mawili yanakutana.

Nairobi ilifanywa jiji mwaka 1950 kwa hati ya mfalme wa Uingereza. Ilikuwa na baraza na meya, lakini meya alikuwa Mzungu, na Waafrika wachache waliokaa barazani waliteuliwa na serikali. Wale waliokuwa wengi mjini hawakuwa na kura. Waafrika walipokubaliwa kwa mara ya kwanza kuchagua wabunge wao, Machi 1957, sheria iliweka kizingiti kwa watu wa K.E.M. peke yao: ili upige kura, lazima uwe na cheti cha uaminifu, kuthibitisha kwamba ulisimama na serikali dhidi ya Mau Mau.

Matokeo yake yanashangaza hadi leo. Nairobi, Tom Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek wakati sehemu kubwa ya wakazi wa jiji walikuwa vizuizini, au wamefukuzwa, au hawana cheti. Na katika Mkoa wa Kati, ambao wakati huo ulikuwa na Embu na Meru ndani yake, Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, aliangushwa na mwalimu kutoka Meru, Bernard Mate. Mate alikuwa msomi na mtu wa kuheshimiwa, simwondolei hilo. Lakini Wameru walikuwa wamepewa vyeti kwa wingi kuliko Wakikuyu, na vyeti ndivyo vilivyoamua. Guka alirudi kutoka Manyani mwaka huohuo na kukuta jirani yake amepiga kura, naye hawezi. Wote wawili ni Waembu, wamekua pamoja. Anasema hilo lilimuuma kuliko viboko.

Kisha mambo yakageuka haraka sana. Mwaka 1962, miaka minane tu baada ya Anvil, Charles Rubia akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi. Rubia alikuwa Mkikuyu wa Murang'a, yaani wa herufi ya kwanza katika zile tatu. Jiji lililofagia watu wake kwa malori sasa lilimvisha mkufu wa meya. Guka alirudi Nairobi mwaka uliofuata, akaajiriwa, safari hii bila kitabu cha pasi.

Ungedhani kwamba baada ya hapo swali la usalama lingeenda kwa mpiga kura. Halikwenda. Kwa nusu karne nzima, mkazi wa Nairobi hakumchagua meya. Alimchagua diwani wa wadi yake, na madiwani wakajifungia City Hall wakachaguana. Margaret Kenyatta alikaa kiti hicho kuanzia 1970 hadi 1976 kwa njia hiyohiyo. Na mwaka 1983 hata hiyo nafasi ndogo ikaondolewa: serikali ya Moi ililivunja baraza na kuweka tume, na jiji likakaa bila meya hadi 1992. Ni katika miaka hiyo ndipo, Mei 1990, askari wa jiji walipobomoa Muoroto, kijiji cha mabanda karibu na steji ya magari ya mashambani, na wakazi wakapigana nao kwa mawe. Kila mtu wa Nairobi anajua kanjo ni nani. Anayeuza ndizi kwa karai anamhofia kanjo kuliko mkora, maana mkora haji kila siku.

Nilipofika mwaka 2003 jiji lilikuwa limeshapewa jina la utani la Kiingereza lenye maana ya wizi. Taa za barabarani zilikuwa zimekufa mitaa mingi. Zilianza kurudi kwa mradi wa Esther Passaris, ambapo kampuni zililipia taa ili zitundike matangazo kwenye nguzo. Baadaye mitaa ya mabanda ikapata zile nguzo ndefu ambazo watu waliziita mulika mwizi. Hizo taa zilifanya kazi ambayo mameya kadhaa hawakuifanya: mama wa mboga aliongeza saa mbili za kuuza.

Katiba ya 2010 ilifuta cheo cha meya na kuleta gavana anayechaguliwa na watu wenyewe. Machi 2013 Evans Kidero akamshinda Ferdinand Waititu, na kwa mara ya kwanza mpangaji wa Kayole na mwenye nyumba wa Karen wakapiga kura ya mkuu wa jiji kwenye karatasi moja. Mwaka 2017 akaja Mike Sonko, ambaye kikosi chake cha Sonko Rescue Team kilikuwa kimeshajulikana mitaani kwa kuleta maji na ambulensi. Desemba 2020 akaondolewa, na tayari shughuli nyingi za jiji zilikuwa zimekabidhiwa Jenerali Mohamed Badi, mwanajeshi ambaye hakuna aliyempigia kura. Mwaka 2022 akachaguliwa Johnson Sakaja.

Wote hao waliahidi usalama. Lakini fungua Katiba hiyohiyo, Jedwali la Nne. Polisi ni wa serikali ya kitaifa. Gavana anapewa taa za barabarani, maegesho, masoko, barabara za kaunti, na kanjo wake. Novemba 2025 watu wa New York walimchagua Zohran Mamdani, kijana aliyezaliwa Kampala, na usalama ulikuwa kati ya maswali makubwa ya kampeni. Kule swali hilo lina pa kushika, kwa sababu meya wa New York ndiye anayemteua kamishna wa polisi. Huku kwetu tunamuuliza gavana kuhusu wakora, yeye anatuelekeza kwa Inspekta Jenerali, na Inspekta Jenerali hatukumchagua.

Ndiyo maana naona tunamuuliza mgombea swali lisilo lake, na lile lililo lake tunamwachia. Hawezi kukamata mwizi. Lakini taa ni zake. Kichochoro kati ya steji na soko ni chake. Kanjo anayemwaga karai la ndizi ni mtu wake, na amri ni yake. Na kuna jambo moja ambalo hakuna jedwali linaloweza kumkataza: kusema hadharani, siku ile malori yanapokuja kubeba wakazi wake kwa kabila, kwamba hawa ni wapiga kura wa jiji hili. Mwaka 1954 hapakuwa na mtu City Hall wa kulisema kwa niaba ya guka. Mwaka 2014 jiji lilikuwa na mkuu aliyechaguliwa, lakini na sisi wapiga kura, na ndugu zao huku Embu, hatukumdai alitamke. Tulikuwa mezani tunasema afadhali.

Guka alifariki mwaka 2016. Kitabu chake cha pasi tulikikuta kwenye mkebe wa Kimbo, pamoja na risiti za kahawa na kitambulisho cha kwanza cha uhuru. Mjomba bado anapeleka miraa Eastleigh, kwa wateja walewale, wale waliorudi.

Januari hii mpwa wangu anakwenda chuo Nairobi. Mama, macho yake sasa yamepungua nguvu, amemshonea mfuko kama alivyonishonea mimi, na mawaidha ni yaleyale ya 2003. Sikuyapinga, ngeta bado ipo. Niliutoa tu ule mkebe, nikamwonyesha kitabu cha pasi, nikamweleza Langata ni wapi. Mwaka 2027 atapiga kura yake ya kwanza, na atapigia huko.