Kodi ya Chumba Ngamiani na Bei ya Mkonge

Ukiuliza kwa nini majumba ya Tanga yalishuka thamani, wengi watakutajia mwaka 1971, serikali ilipoyachukua. Mimi nimekulia mtaa wa Ngamiani mjini humo, kwenye nyumba ya bibi yangu, na nashikilia kwamba soko lilishaugua kabla ya hapo.

Utajiri wa mji ule ulitoka shambani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kwa mbegu hiyo Tanganyika ikaja kuongoza dunia. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, bei ya singa za mkonge ilipaa, na fedha ikageuka saruji. Wafanyabiashara wa Kihindi walijenga maghorofa, duka chini na familia juu, na wengine wakaandika mwaka wa ujenzi ukutani kwa fahari. Mameneja wa mashamba wakakaa Raskazone, kwenye upepo wa bahari.

Ngamiani, kwenye barabara za namba, Waswahili nao walijenga. Nyumba ya bibi ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, jiko na choo uani, baraza mbele. Alilala chumba cha mbele, vilivyobaki akapangisha. Wapangaji wake walikuwa kuli wa matishari ya bandarini, karani wa shamba la mkonge, fundi wa reli, na fundi cherehani aliyewashonea manamba, vibarua wa mashamba, nguo walipopokea mshahara. Kazi zao zilikuwa mbalimbali, lakini riziki yao wote ilitoka kwenye jani moja. Chumba kikiachwa asubuhi, jioni kina mtu, na aliyetoka alidai kilemba, yaani malipo ya kumpisha, kwa aliyeingia.

Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, nyingi kuliko wakati wowote. Mwaka huohuo bei ikaanza kuporomoka, kwa sababu wakulima wa Ulaya na Marekani, waliokuwa wakifungia nyasi kavu kwa kamba za mkonge, walianza kupata kamba za plastiki kwa bei nafuu. Mashamba yakapunguza manamba, na maduka yakakosa wateja wa mwisho wa mwezi. Kwa bibi, karani ndiye aliyetangulia kuondoka. Hakuwa na kodi, akaacha kitanda chake cha chuma kufidia deni. Kitanda kile nimekilalia utoto wangu wote.

“Nyumba haikushuka bei kwa siku moja, mjukuu wangu,” bibi alikuwa akiniambia. “Kwanza watu waliacha kuuliza.”

Kilemba kikafa chenyewe. Chumba kikakaa wazi miezi, na mwenye nyumba ndiye akawa wa kubembeleza. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, lakini kutaifisha hakukuweza kurudisha bei ya soko la dunia.

Ndipo ikaja sheria ya Aprili 1971. Jengo la kupangisha lenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi lilikwenda kwa serikali, chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba ya bibi haikufikia kiwango hicho, ikapona. Maghorofa hayakupona, na fidia ilipungua kadiri jengo lilivyozeeka: likizidi miaka kumi, mwenyewe hakupata kitu. Tanga ilikuwa imejenga sana zama za vita vya Korea. Ule mwaka ulioandikwa ukutani ulionyesha wazi kwamba miaka kumi ilikuwa imeshapita. Familia nyingi za Kihindi zilihama. Naielewa nia ya kumwondolea mpangaji unyonyaji, ila naumia nikiona mifereji ya mvua iliyooza kwenye kuta zile, maana kodi iliyobaki haikutosha hata kuziba bati. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 mkonge wa nchi nzima haukufika tani 40,000 kwa mwaka. Mwaka 1990 kazi za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa.

Tangu Tanga ilipochaguliwa mwaka 2016 kuwa mwisho wa bomba la mafuta kutoka Hoima, madalali wamechangamka tena, na huko Chongoleani, bomba linakoishia, kila mtu ana kiwanja cha kukuonyesha. Mimi wakinitajia bei, huwauliza kwanza wapangaji wa mtaa huo wanalipwa mshahara na nani.