Daktari wa meno, nishike mkono kwanza!

Wadau, leo tuongelee moyo, ila safari yetu itaishia kwenye kiti cha daktari wa meno. Msicheke, mtaona tunakofika.

Kuna ugonjwa wa moyo usio na kelele. Vyumba viwili vya juu vya moyo, badala ya kujikaza kwa mpangilio, vinatetemeka tu. Mapigo yanakwenda ovyo ovyo: moja, mawili, kimya, halafu matatu ya haraka. Wapo wanaohisi moyo ukienda mbio, na wapo wasiohisi chochote. Damu ikizubaa mle ndani inaganda, donge likichomoka linapanda kichwani, na mzee aliyelala mzima anaamka upande mmoja umekufa. Mtaani utasikia karogwa, kapigwa na jini. Kumbe huenda dalili ilikuwepo kwenye mshipa wa mkono wake siku zote, hakuna aliyeugusa!

Dunia imechelewa kuujua ugonjwa huu. James Mackenzie, Mskoti, hakuwa profesa. Alikuwa daktari wa kawaida Burnley, mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza. Alitumia chombo cha kuchora mapigo ya mkono na ya shingo kwenye karatasi, akawafuatilia wagonjwa wale wale kwa miaka mingi. Mwaka 1902 alichapisha kitabu chake kuhusu mapigo. Aliona kwamba mapigo yakiharibika, lile wimbi dogo linalotoka chumba cha juu cha moyo linatoweka kwenye mchoro. Akadhani chumba kimepooza.

Jibu lilihitaji mashine. Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Java mwaka 1860, alitengeneza pale Leiden kifaa cha kunasa umeme wa moyo. Kilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi! Mwaka 1905 alinasa mapigo ya wagonjwa wakiwa hospitali, kilomita moja na nusu kutoka maabara yake, kwa waya wa simu. Mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel. Na kwa mashine ya aina hiyo, mwaka 1909 Thomas Lewis wa London alionyesha kwamba chumba hakijapooza, kinatetemeka.

Haya, tumejua. Ila ubaya wake wote ulikuja kuonekana Framingham, mji mdogo karibu na Boston, Marekani. Kuanzia 1948 watafiti waliwafuatilia wakazi 5,209 wakiona nani anaugua nini. Ilipofika 1978 ikawa wazi kwamba mtetemo huu, hata kwa mtu ambaye vali za moyo wake hazina kovu la homa ya baridi yabisi, unaongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano.

Na dawa? Ilitokea kwenye ng'ombe jamani. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani yaliyooza ghalani. Karl Paul Link na wenzake huko Wisconsin wakaipata kemikali inayozuia damu kuganda. Ndugu yake mmoja, warfarin, alianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Majaribio ya miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990 yalionyesha inapunguza viharusi vya wagonjwa hawa kwa karibu theluthi mbili.

Hapo ndipo daktari wa meno alipoingizwa kwa lazima. Anayetumia dawa hiyo aking'olewa jino damu inaweza kugoma kukata, hivyo lazima aulizwe kabla ya sindano ya ganzi. Na tusimdharau huyu bwana: ni daktari wa meno, William Morton, aliyewaonyesha madaktari wa Boston tarehe 16 Oktoba 1846 kwamba mgonjwa anaweza kupasuliwa akiwa amelala kwa etha.

Sasa swali. Kama anauliza kuhusu dawa ya moyo, kwa nini asishike mkono wa mzee ambaye hajawahi kupimwa? Huko Ulaya wapo wazee wasioumwa kitu ambao huenda kukaguliwa meno kila mwaka. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2007 ulionyesha kwamba kushika mapigo ya wenye miaka 65 na zaidi wanapokuja kliniki kwa shida nyingine, kisha kuwapima umeme wa moyo wale wenye mapigo ovyo, kunagundua wengi kuliko kungoja. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa moyo wa Ulaya kikashauri hivyo hivyo.

Tusishangilie haraka lakini. Mwaka 2021 utafiti wa Denmark kwa watu 6,004 uligundua ugonjwa mara tatu zaidi kwa kifaa kinachowekwa chini ya ngozi, ila viharusi havikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Mwaka 2022 jopo la Marekani likasema ushahidi wa kuwapima wasio na dalili hautoshi. Kugundua ni jambo moja, kuokoa ni jingine.

Kwetu je? Wengi wetu humwona daktari wa meno jino likishatunyima usingizi, tunang'oa na kuondoka. Hata akishika mkono akagundua, mzee wa kijijini atapata wapi kipimo cha umeme wa moyo? Nani atamlipia dawa ya kila siku, na vipimo vya damu vinavyoandamana na warfarin? Vidole viwili ni bure. Kinachofuata baada ya vidole si bure, na hapo ndipo wizara na bima ya afya zinapotakiwa kujibu.

Wakati tunangoja majibu, ukienda nyumbani mshike bibi mkono, chini ya kidole gumba, kwa dakika nzima. Yakienda bila mpangilio usimtishe, vidole vyako si hukumu. Mpeleke akapimwe.

Nawasilisha.