Uvuvi wa mitumbwi pacha

Uvuvi wa mitumbwi pacha ni njia ya kuvua dagaa usiku katika Ziwa Tanganyika. Mitumbwi miwili huwekwa sambamba na kuunganishwa kwa miti iliyokingamishwa. Juu hutundikwa taa, chini hushushwa wavu. Ustadi wenyewe umo katika subira: taa huachwa ziwake mpaka dagaa wajikusanye, na migebuka wanaowawinda wawafuate, ndipo wavu huinuliwa pande zote kwa pamoja. Mwezi mpevu huzidi nguvu mwanga wa taa, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku hizo.

Zamani mvuvi aliwasha moto wa kuni mtumbwini na kuchota dagaa kwa lusenga, wavu wenye mpini. Karabai zilienea katika miaka ya 1950. Sasa taa za betri zimechukua nafasi yake.

Dagaa hao huliwa hata mbali na ziwa. Buhigwe, wilaya ya milimani, haina ufukwe ziwani. Dagaa huifikia wakiwa wamekaushwa. Ndiyo maana kufungwa kwa uvuvi ziwani, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane, kuligusa pia masoko yaliyo mbali na maji.