Masini, kampanye na nyimbo: mambo yenye tuliandikiana mwaka 2018



Mutu mwenye anatafuta historia ya uchaguzi wa Kongo anaipataka kwanza mu namba. Mwaka 2006, Joseph Kabila 58,05 kwa mia, Jean-Pierre Bemba 41,95. Mwaka 2011, Kabila 48,95, Étienne Tshisekedi 32,33. Mwaka 2018, Félix Tshisekedi 38,57, Martin Fayulu 34,83, na juu ya hizi za mwisho watu wanagombana mpaka leo. Namba ni za lazima, sikatae. Lakini haziseme watu walikuwa wanawaza nini wakati walikuwa ku mustari, wala kwa nini wengi walikuwa tayari kukataa matokeo mbele hata yatangazwe. Mimi nilisomea kilimo, si historia. Kwetu, ukitaka kujua shamba, hauangalie majani tu, unachimba. Leo nachimba mahali kwenye wanahistoria wetu hawajafika sana: mu mazungumuzo ya marafiki ku WhatsApp.

Niko na fishie moja ya maandishi. Ni mazungumuzo ya gurupe ya marafiki tisa wenye tulimaliza masomo ya sekondari pamoja mu Butembo, kisha kila mutu akaenda kwake: Goma, Kisangani, Lubumbashi, Kinshasa, wengine tukabakia. Mumoja wetu alikuwa na akili ya kutoa yale mazungumuzo yote mu telefone na kuyaweka ku ordinateri. Fungu lenye linaanza mwezi wa 11 mwaka 2018 liko kwangu. Mutu akilisoma mbio mbio ataona upuzi wa vijana: kampanye, masini zenye zimekufa, nyimbo mpya, tena kampanye, tena nyimbo. Nimelisoma mara mingi, na naona ile yote ilikuwa swali moja tu: hii sauti yenye inaniambia kitu, ni nani anailipa? Na hii masini, nani ameingia ndani yake mbele yangu?

Tuanze na nyimbo, juu njo zenye ziko na umri mukubwa. Uchaguzi na muziki mu Kongo walizaliwa karibu siku moja. Mwezi wa 1 mwaka 1960, wakati wanasiasa wetu walikuwa Brussels mu Table ronde, Grand Kallé na African Jazz walikuwa kule pamoja nao, na kule wakatoa «Indépendance Cha Cha», wimbo wenye unataja wanasiasa na vyama vyao kwa majina. Ni wimbo wa kucheza, lakini ni archive pia. Miaka 24 kisha, mwaka 1984, Franco na TPOK Jazz wakatoa «Candidat na biso Mobutu». Ule mwaka kandida alikuwa mumoja tu. Ukisikiliza leo unaelewa utawala kuliko buku yenye kurasa 300.

Kati ya hizi mbili mpaka leo kuko desturi yenye kila Mukongo anaijua: libanga. Mutu analipa, mwimbaji anataja jina lake mu wimbo. Mufanyabiashara, depite, jenerali, mutoto wa bosi, wote wanataka kusikia jina lao katikati ya seben. Kiisha 2006 na 2011, Wakongo wa Ulaya wenye wanaitwa combattants walizuia konseri za wanamuziki mingi kule, wakisema hawa waliimbia utawala. Sitasema kama walikuwa na haki. Nasema tu kizazi changu kilikomaa kikijua kwamba jina mu wimbo linaweza kuwa na bei. Basi wakati wimbo wa kampanye ulifika mu gurupe yetu, swali la kwanza halikukuwa «ni muzuri?». Rafiki yetu wa Lubumbashi alikuwa anaandikaka paka neno moja: «Ngapi?»

Tarehe 2 mwezi wa 11 mwaka 2018, Fally Ipupa akatoa albumu yake «Control». Tarehe 22 ya ule mwezi kampanye ikafunguliwa, kandida 21 ku uprezida. Mu fishie yangu hizi habari mbili zinapitana kama pikipiki ku rond-point. Mutu anauliza Shadary amefika wapi, mwingine anajibu na jina la wimbo. Albumu ilikuwa na nyimbo mingi, na mega zilikuwa bei, basi watu wa Butembo tuliipata vile tulikuwa tunapataka kila kitu: ku sekretaria, kwenye kijana anakujazia flashi.

Na ile flashi ilileta virusi. Wenye walisoma ile miaka wanakumbuka: unafungua flashi, kila kitu kimekuwa «raccourci», kazi yako haionekane. Rafiki mumoja alikuwa na TFC yake mule. Mu mazungumuzo ya ile wiki, katikati ya mabishano juu ya muungano wa wapinzani, mwenzetu wa Kisangani anamwandikia pole pole, mustari kwa mustari, amri ya kuweka mu dirisha nyeusi ili fishie zenye zimefichwa zirudi. Zilirudi. Furaha ilikuwa kubwa kupita kampanye.

Kwa nini naeleza virusi mu habari ya historia? Juu kwetu ordinateri inaitwaka «masini». Na ile mwaka CENI ilikuwa inaleta masini yake: machine à voter, karibu 106.000, zenye zilitoka Korea ya Kusini, kwa kampani Miru Systems. Sababu ya CENI haikukuwa ya kucheka. Mwaka 2011 kandida wa udepite wa taifa walipita 18.000 kwa viti 500, na mu Kinshasa karatasi ya kura ilikuwa kama gazeti. Masini ilikuwa inafupisha ile yote: unagusa namba ya kandida, sura yake inatokea, masini inaandika chaguo lako ku karatasi, na unaitia mu sanduku. Sheria ilisema karatasi njo inahesabiwa, kwa mukono.

Lakini wapinzani wakaiita «machine à voler», masini ya kuiba, na jina likashika. Wakubwa wa Kinshasa walikuwa wanasema watu wa mikoa wanaogopa juu hawajui teknolojia. Kila nikisoma fishie yangu naona kinyume. Wenzangu waliogopa juu walikuwa wanajua. Walijua kwamba betri inadanganya, kwamba emprimante inakwama, kwamba flashi ya mutu inaweza kubeba kitu chenye mwenyewe haoni, kwamba fishie inaweza kuwa mule na usiione. Rafiki wa TFC aliandika: «Kama wimbo tu umenikulia masomo ya miaka tatu, ile masini yenye haina hata umeme wa kuichaji, mwee!» Ile ni hoja ya mutu mwenye ameishi na masini kila siku.

Tarehe 13 mwezi wa 12, moto ukakula depo ya CENI mu Kinshasa na karibu masini 8.000 zenye zilikuwa za ile muji. Uchaguzi ukasukumwa kutoka tarehe 23 mpaka tarehe 30. Mu gurupe, ile siku hakuna mutu alituma wimbo.

Kisha ikaja tarehe 26, na hapa nitakawia kidogo, juu ni kwetu. CENI ikatangaza kama Beni, Butembo na Yumbi hawatapiga kura pamoja na wengine. Kwa Beni na Butembo sababu zilikuwa Ebola, yenye ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8, na usalama. Uchaguzi wetu ukapelekwa mwezi wa 3 mwaka 2019, wakati prezida angekuwa amekwisha kuapa. Watu zaidi ya milioni 1 wakawa inje ya hesabu ya prezida. Masoko yalikuwa yanafunguliwa, kampanye ilikuwa imepita, makanisa yalikuwa yanajaa, lakini mustari wa kura njo ulikuwa na hatari. Watu wa Beni walijibu kwa namna yenye sitasahau: tarehe 30 walipanga mustari wao wenyewe, wakanawa mikono juu ya Ebola, wakapiga kura kwa karatasi, bila masini, bila CENI. Haikuhesabiwa mahali popote. Picha zake zilifika mu gurupe yetu ile siku magaribi, na wa Lubumbashi, mwenye yeye alipiga kura ya kweli, aliandika tu: «Samahani, wandugu.»

Ile ni moja ya maneno ya mwisho ya mwaka. Tarehe 31 mwezi wa 12 asubui intaneti ikakatwa mu inchi muzima, na SMS pia zikaguswa. Serikali ilieleza ni kwa kuzuia matokeo ya uongo yasitembee. RFI nayo ikafungwa mu Kinshasa. Hatukukuwa wageni wa ile dawa: mwezi wa 12 mwaka 2011 walifunga SMS kiisha kura, na mwezi wa 1 mwaka 2015, wakati vijana waliingia ku barabara juu ya sheria ya uchaguzi, walifunga intaneti. Lakini hii ya 2018 ilifika siku 20.

Mu fishie yangu zile siku ni nyeupe karibu zote. Karibu, juu mwenzetu wa Goma alikuwa anavuka mupaka mpaka Gisenyi, ananunua mega za Rwanda, anatuandikia, na hakuna mwenye anajibu. Watu mingi wa Goma na Bukavu walifanya vile. Kinshasa wenye walikuwa karibu na muto walitafuta signali ya Brazzaville. Ujumbe wake wa tarehe 10 mwezi wa 1, kiisha CENI kutangaza Félix Tshisekedi usiku, uko na mustari mumoja: «Muko musikia?» Tulikuwa tumesikia, kwa radio, kama wazazi wetu. Mwenye alitangaza, Corneille Nangaa, leo njo anaongoza AFC pamoja na M23. Historia yetu haina haya.

Intaneti ilirudi karibu tarehe 20, wakati Koti ya Katiba ilikuwa imethibitisha matokeo. Nilitazamia kuona mabishano makali mu ile ukurasa. Hapana. Mumoja anauliza kama wote ni wazima. Mwingine anauliza kama kuko mwenye bado ana «Control», juu masini yake ilikufa tena. Mabishano yalianza siku tatu kisha. Sisi wa Butembo tuligusa ile masini tarehe 31 mwezi wa 3, kwa kuchagua wadepite, na Tshisekedi alikuwa ameapa tangu tarehe 24 mwezi wa 1.

Yenye ilifuata inaonyesha kwamba swali la gurupe halikukufa. Mwezi wa 11 mwaka 2020, Tshala Muana alitoa «Ingratitude», wimbo wenye hautaje jina la mutu, na akakamatwa, kisha wakamwachilia. Ni libanga ya kupinduka: jina halikusemwa, na lilisikika zaidi. Mwaka moja kisha, tume ya sansire ikakataza «Nini Tosali Te» ya vijana wa MPR, na mbele wiki iishe ikaondoa ile katazo. Watu wote walikuwa wamekwisha kuijaza mu telefone zao. Mwaka 2023 CENI ya Denis Kadima ilileta masini tena, na jina mupya, DEV. Biro mingi zilikawia kufungua, betri zikazimika, kura yenye ilikuwa ya tarehe 20 mwezi wa 12 ikaendelea siku zingine. Masisi na Rutshuru hawakupiga, juu ya vita. Na mwezi wa 1 mwaka 2024 CENI yenyewe ikafuta kura za kandida 82, na kati ya makosa yenye ilitaja kulikuwa mutu binafsi kuwa na masini ya kura kwake. Kwake! Nilimwandikia wa TFC. Alinijibu na kicheko cha sauti cha dakika nzima.

Fungu la kwanza la mazungumuzo yetu, lenye liko na mwaka 2016, 2017 na mwanzo wa 2018, mimi sina. Lilikuwa ku ordinateri ya mwenzetu wa Goma, yule wa Gisenyi. Mwezi wa 1 mwaka 2025, wakati vita iliingia mu muji, alitoka na watoto na magodoro mbili. Aliporudi, nyumba ilikuwa wazi na masini haikukuwa. Yenye ilibakia ni kile kilikuwa mu telefone yake: nyimbo zaidi ya 200, na sauti 14 za mwaka 2017, zenye tunabishana kama uchaguzi utafanyika ao hapana. Ameanza kunitumia moja moja, wakati koneksio inakubali. Nimekwisha kupata tisa.