Mwamba Ulioingia Sebuleni

Katika nyumba ambayo Oscar Niemeyer aliijengea familia yake huko Canoas, Rio de Janeiro, kuna mwamba mkubwa wa graniti ulioachwa pale ulipokuwa. Sehemu yake iko nje, ukingoni mwa bwawa la kuogelea. Sehemu nyingine inapita kwenye ukuta wa kioo na kuingia sebuleni, na ngazi ya kushukia vyumba vya kulala imepita ubavuni mwake. Sisi tuliosomea usanifu majengo huonyeshwa picha ya mwamba huo mapema kabisa. Somo tuliloandika kwenye madaftari lilikuwa fupi: ukikuta mwamba, mpishe.

Nyumba yenyewe inastahili sifa zake. Ilichorwa kuanzia 1951 na kukamilika 1953, kabla jiji la Brasília halijamfanya Niemeyer kuwa jina la dunia nzima. Paa lake ni bapa la zege jeupe lililopinda huku na huku kama ukingo wa dimbwi, likashikiliwa na nguzo nyembamba za chuma. Linatokeza mbele ya vioo ili sebule ikae kivulini, kwa sababu mwenyewe hakutaka kuning'iniza mapazia. Alieleza pia kwamba alitaka nyumba ifuate mabonde na vilima vya ardhi bila kuibadilisha, na iwe na mikunjo ili mimea ipenye ndani. Kinachonivutia zaidi ni kile usichokiona. Vyumba vya kulala viko chini, vimezamishwa kwenye mteremko, vyenye madirisha madogo. Ukisimama kando ya bwawa, unaona paa, kioo, mwamba na miti tu. Takriban nusu ya nyumba imejificha, na huo ni ujasiri ambao majumba mengi ya kifahari yanayotangazwa leo kuwa “yamo msituni” hayana. Mengi huanza na tingatinga la kusawazisha kiwanja, kisha huletwa mawe ya bandia ya kupamba bwawa.

Walter Gropius, mwanzilishi wa Bauhaus, aliwahi kuitembelea. Niemeyer alisimulia mara nyingi, na kwa hasira isiyopoa, kwamba Gropius aliisifu kuwa nzuri lakini akalalamika kuwa haiwezi kuzalishwa kwa wingi. Niemeyer aliona huo ni upuuzi: utarudufishaje nyumba iliyochorwa kwa ajili ya mwamba mmoja? Mimi nampa haki Niemeyer kuhusu mwamba. Ila malalamiko ya Gropius yana mwiba, kwa sababu Niemeyer alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti tangu 1945, na hapa alijenga starehe ya watu wachache mno juu ya mlima.

Lakini ubishi wao wote ulihusu zege. Msitu waliuchukulia kama ulivyo, kama kitu kilichokuwepo tangu na tangu.

Milima hiyo ya Tijuca ina historia nyingine. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 sehemu kubwa ya miteremko yake ilikatwa miti ikapandwa kahawa. Rio ilikuwa ikinywa maji yanayoshuka kutoka huko, kupitia mito kama Carioca na Maracanã, na miti ilipokwisha, chemchemi nazo zikapungua. Ukame wa miaka ya 1840 uliitia serikali hofu, mashamba yakaanza kuchukuliwa na dola. Mwaka 1861, wakati wa Mfalme Pedro II, ikaamuliwa kwamba msitu urudishwe kwa mkono wa binadamu. Kazi ilianza 1862 chini ya Meja Manuel Gomes Archer, ikaendelea chini yake hadi 1874. Miche ilikusanywa kwenye mabaki ya msitu na kwenye mashamba ya jirani, ikapandwa kwa makumi ya maelfu. Aliyemfuata, Baron d'Escragnolle, aliongeza njia za kutembelea na chemchemi za mapambo, msitu ukawa pia bustani ya matembezi ya watu wenye nafasi. Hifadhi ya taifa ilitangazwa hapo 1961.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kijani kinachoizunguka milima ile ni msitu wa pili. Ulichorwa na kupandwa, na una umri unaokaribiana na wa reli za Brazili.

Archer hakupanda peke yake. Kumbukumbu zimehifadhi majina ya watumwa sita wa serikali walioianza naye kazi hiyo: Eleutério, Constantino, Manuel, Mateus, Leopoldo na Maria. Hakuna majina ya ukoo, kama ilivyokuwa kawaida kwa watumwa. Utumwa ulikuja kufutwa Brazili mwaka 1888. Katika vitabu vya usanifu nilivyosoma, jina la Niemeyer liko kila ukurasa, Gropius anapata aya yake, na msitu unaitwa “asili”. Neno hilo moja linawafuta watu sita.

Kwetu sisi wa pwani hii kuna sababu ya kusimama hapo kidogo. Katika karne ya 19 meli nyingi za watumwa zilizotia nanga Rio zilitoka Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane, na jijini kule watu hao waliitwa kwa jumla “Moçambique”, wawe Wamakua, Wayao au wengineo. Mikono iliyolima kahawa ya Rio, na iliyobomoa msitu kabla wengine hawajaupanda tena, ilikuwa pia mikono ya Afrika Mashariki.

Siku hizi nikipewa ramani ya kiwanja chenye miti, kabla ya kuchora mstari wowote huuliza wenyeji: mti huu ulipandwa na nani, na kabla yake palikuwa na nini? Wateja wengine huona napoteza muda. Mara nyingi jibu ni shamba la mtu, kaburi, au njia ya kwenda kisimani, na hapo mahali pa kuweka bwawa panabadilika.

Tijuca kuna mti mmoja ambao msomaji wa Unguja angeutambua kwa mbali: mfenesi. Wareno waliutoa Asia wakaufikisha Brazili, nao ukaupenda mteremko ule kuliko ilivyotarajiwa. Mafenesi huanguka, wanyama hula na kusambaza mbegu, na miche huota kwa wingi hadi kuibana miti ya kienyeji. Wahifadhi hulazimika kuipunguza, na mifenesi huota tena.