Kompyuta ya Kale na Kioo Kipya: Habari ya Kyela

Historia ya kompyuta aghalabu huandikwa kana kwamba ni historia ya ubongo tu: mtambo upi ulihesabu upesi zaidi, upi ulikuwa na kumbukumbu kubwa zaidi. Mlango ambao kazi ya ubongo huo hupitia mpaka ikalifikia jicho la mtu hautajwi sana. Lakini kwetu Tanzania, na hasa katika wilaya ya mbali kama Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mlango huo ndio ulioamua kama kompyuta ya nyumbani ingeishi au ingekufa. Kwa hiyo yafaa tuueleze.

Mwaka 1982 kampuni ya Sinclair Research ya Cambridge, Uingereza, ilianza kuuza kompyuta ndogo iliyoitwa ZX Spectrum. Ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliuzwa kwa pauni 125, na ile ya kilobaiti 48 kwa pauni 175. Bei hiyo iliwezekana kwa sababu, pamoja na mengine, mnunuzi hakuuziwa kioo. Ilidhaniwa kwamba kila nyumba ina televisheni, na kwa Waingereza dhana hiyo ilikuwa karibu na kweli. Ndani ya kompyuta mlikuwa na kijisanduku cha bati kiitwacho modyuleta, ambacho kazi yake ilikuwa kuipandisha picha juu ya mawimbi ya redio, katika chaneli ya 36, kana kwamba kompyuta ni kituo cha matangazo. Waya uliingia katika tundu la antena, na televisheni ikaishusha picha kutoka katika mawimbi yale yale. Ni safari ya ajabu: ni kama mtu aketiye hatua mbili kutoka kwako akuandikie barua, kisha aende kuitia posta.

Sasa tuitazame nchi yetu wakati ule. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za Hazina zilizotiwa katika mitambo hiyo zilivurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini ila kwa kibali maalum. Televisheni nazo zilitiwa katika katazo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, lakini Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi. Na ng'ambo ya mto Songwe, Malawi ilikaa bila kituo chake mpaka 1999. Mimi siwalaumu sana wakuu wa 1974, kama wafanyavyo baadhi ya wenzangu. Nchi maskini iliyoona hesabu zake zimechafuka ina haki ya kusita. Walakini matokeo hayafichiki. Kijana wa Kyela alinyimwa ubongo na mlango kwa pamoja.

Najua mashine moja iliyopenya. Mzee mmoja, mwalimu wa sekondari aliyekwenda kusoma Uingereza, alirudi mwaka 1988 na Spectrum ya kilobaiti 48 pamoja na televisheni ndogo ya nyeusi na nyeupe, kibali chake mkononi. Nyumbani kwake, upande wa Ipinda, aliviwasha vyote kwa betri ya gari, akiwa amezipunguza volti 12 ziwe 9 kwa ajili ya kompyuta. Majirani waliposikia ana televisheni walikuja jioni kutazama sinema, wakaonyeshwa maneno. Maana mwalimu huyu alikuwa akikusanya majina ya samaki, ya nyavu, ya mitumbwi na ya pepo za ziwa katika Kinyakyusa na Kikisi, na kuyatia maana kwa Kiswahili. Aliyahifadhi katika kaseti nne, za aina ile ile tuliyosikilizia muziki. Kwa kuwa kioo hakikupokea zaidi ya herufi 32 katika mstari, maelezo yake yalikuwa mafupi kama simu za posta: mbasa, akaandika, hupanda mtoni wakati wa kuzaa. Wavuvi waliompa maneno hayo karibu wote wamekwisha kufariki.

Televisheni ile ndogo ndiyo iliyotangulia kufa. Wakati huo mambo ya picha nchini yalikuwa yamegeuka tena. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mwaka 2013 zamu ikafika Mbeya. Watu walinunua ving'amuzi; wengine wakazitupa televisheni zao za chogo na kununua zilizo bapa. Mzee naye alinunuliwa bapa na watoto wake, akaunga kompyuta yake katika tundu la antena. Runinga ile ilitafuta stesheni kutoka mwanzo hadi mwisho, isione kitu. Haikuwa na subira na kituo dhaifu kama kile. Lakini ubavuni ilikuwa na tundu la manjano lipokealo picha moja kwa moja, bila safari ya mawimbi.

Hapo ndipo mimi na fundi redio mmoja wa Kyela mjini tulipoitwa.

"Msinikatie mashine, mwanangu," aliniambia mzee.

"Hatukati kitu, Tata," nikamjibu. "Tunahamisha waya tu, na atakayetaka kuzirudisha atazirudisha."

Neno hilo la kurudisha lina uzito. Wako wapenzi wa vyombo vya kale wasemao kwamba chombo kisiguswe kabisa. Mimi naona chombo kisichoweza kusema kimekwisha kuguswa na wakati. Tulikiacha kijisanduku cha bati mahali pake. Tulifungua lehemu ya rezista iliyounga mawimbi na tundu la nje, tukaondoa umeme wa volti 5 ulioingia katika modyuleta, kisha waya wa picha tukauleta katika tundu lile lile la nje kupitia kapasita ya maikrofaradi 100, upande wake chanya ukielekea kompyuta. Wengine huiacha kapasita hiyo, na runinga nyingi huvumilia. Nyingine huonyesha picha iliyopauka, au hukataa kabisa. Kazi iliyotutia hofu zaidi ilikuwa kuchomoa riboni za kibodi, ambazo kwa uzee hukatika kama majani makavu.

Tulipowasha, kioo kilikuwa cheusi. Fundi alidhani tumeikosea kapasita. Tukaitazama, ilikuwa sawa. Akachukua testa akapima miguu ya chipu za kumbukumbu. Volti 5 zilikuwapo, lakini volti 12 hazikuwapo, na bila hizo hata chipu itengenezayo rangi haiwezi kutoa picha. Basi kosa halikuwa katika kazi yetu mpya. Lilikuwa katika transista iandikwayo TR4 kwenye bodi, ambayo ni ugonjwa mashuhuri wa mashine hizi, na kwa mvua na unyevu wa Kyela miguu yake ilikuwa imefanya kutu ya kijani. Nyingine ililetwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Chipu za kumbukumbu, ambazo mara nyingi huungua pamoja nayo, kwa bahati zilikuwa zima. Safari hii ukatokea uwanja mweupe, na chini yake jina la kampuni na mwaka 1982. Rangi hazikuwapo mpaka fundi alipogeuza kidogo sana kapasita ya kurekebishia, jambo lililomfurahisha yeye kuliko mzee, maana orodha yake iliandikwa kwa weusi juu ya weupe.

Kaseti tatu zilisomeka baada ya kusafisha kichwa cha redio kaseti na kupandisha sauti. Ninayanakili maneno yake katika daftari, kwa kalamu, kioo baada ya kioo. Kaseti ya nne, yenye majina ya pepo, hukatika kila mara mahali pamoja. Mzee anayakumbuka baadhi. Huyataja akiangalia upande wa ziwa, nami huyaandika.